Familia Iandikwe: Ushauri kwa Mashefu na Wazazi wa Majengo

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini aliamuru kartiye kumi za Goma zihame. Majengo ilikuwa mojawapo. Watu walishika njia ya Sake, wengine wakavuka mpaka kuingia Gisenyi, wengine wakatafuta mashua ya kwenda Bukavu. Usiku wa tarehe 22, lava ilikuwa imekwisha kuteketeza nyumba za Buhene, jirani kabisa na sisi. Katika kukimbia gizani watoto wengi waliponyoka mikononi mwa wazazi. Siku iliyofuata UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 wametengana na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea.

Mfikirie mtu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu aliyeketi na mtoto wa miaka minne. Mtoto anajua mama yake anaitwa Mama na baba yake anaitwa Papa. Jina la avenu hajui, na karatasi hana. Katika hali hiyo msaada wa kwanza hautoki Kinshasa wala Geneva. Unatoka kwa shefu wa avenu au mkuu wa nyumba kumi, iwapo ana daftari, na iwapo ndani ya daftari hilo watoto wameandikwa kwa majina yao.

Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo hilo. Tumezoea kuidai serikali isaidie familia, na tuna haki ya kudai: Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inaiweka familia chini ya ulinzi wa mamlaka za umma. Lakini serikali haiwezi kusaidia familia isiyoijua. Kuijua ni kazi ya watu wa chini kabisa katika ngazi ya utawala, wanaopita mbele ya milango yetu kila siku. Kazi hiyo haihitaji pesa nyingi, na hilo ni jema kwa sababu pesa hazipo. Kwa sheria ya ugatuzi ya 2008, mji na komini ndivyo vyenye bajeti na nafsi ya kisheria. Kartiye, seluli na avenu havina. Shefu wa avenu hana mshahara. Tangu mwisho wa Januari 2025, waasi wa AFC/M23 walipoushika mji, viti vya juu vilipata watu wengine, mabenki yakafungwa, mahakama zikasimama. Hata hivyo, mama aliyeshikwa na uchungu usiku hawezi kusubiri mambo ya wakubwa yatulie. Anamwita jirani, na jirani anamwita mkuu wa nyumba kumi.

Basi nianze na daftari lenyewe, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari, na hatuna mali kubwa kuliko watu.

Mfumo wa nyumba kumi ni wa zamani katika nchi za Kiswahili. Chama cha TANU kiliuanzisha Tanzania katikati ya miaka ya 1960 ili chama kifike kwenye kila mlango. Kenya iliuchukua mwaka 2013 baada ya shambulio la Westgate, na lengo lilikuwa usalama. Hapa Goma nao tumeutumia zaidi kwa usalama: nani amelala kwa nani, mgeni huyu ametoka wapi, nani hakufika salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Ndiyo maana shefu anapobisha hodi na kalamu mkononi, watu wanakunja uso. Daftari ninalolitetea lina kazi nyingine, na shefu aseme hivyo waziwazi mlangoni: ninaandika ili mtoto wako apate karatasi, ili siku ya kukimbia tujue nani hayupo, ili msaada ukija usipite nyumba yako.

Andika jina la mama na la baba, au la yeyote anayeibeba nyumba hiyo. Ikiwa bibi analea wajukuu peke yake, yeye ndiye mkubwa wa familia, na usimwandike chini ya mwanaume asiyekuwepo. Andika kila mtoto, tarehe aliyozaliwa, kama ana cheti cha kuzaliwa na kama anakwenda shule. Andika mama mwenye mimba na mwezi anaotarajia kujifungua. Andika mzee anayeishi peke yake, mtu asiyeona, mtu asiyeweza kutembea, kwa sababu hao ndio watakaohitaji mgongo wa mtu mwingine mlima ukiwaka tena. Andika namba ya simu ya ndugu mmoja anayekaa nje ya Goma. Na kila familia ichague mapema mahali pa kukutana ikitawanyika: kanisa fulani, msikiti fulani, kwa shangazi wa Sake. Mahali hapo paandikwe pia.

Kabila usiandike. Hili nalisema kwa uzito wote nilio nao. Katika mkoa huu orodha ya majina inaweza kugeuka hatari usiku mmoja, na mamlaka inayoitunza leo huenda isiwe ile itakayoikuta kesho. Usiandike kijiji cha asili, usiandike chama, usiandike mtu alimpigia nani kura wala mtoto wake mkubwa yuko wapi. Mtoto hahitaji kabila ili apate chanjo. Daftari likae kwa watu wawili, mwanaume na mwanamke, waliokubaliwa na wakaaji wa avenu, na kila familia ipewe nakala ya ukurasa wake. Atakayekuja kuuliza habari za nyumba nyingine aambiwe kwamba ukurasa ni wa familia yenyewe. Shefu atakayekosa ujasiri wa kulisema hilo, bora asianze kuandika.

Nije kwenye cheti cha kuzaliwa, maana hapa ndipo familia nyingi za Majengo zinapoteza haki ndogo na baadaye kuilipia ghali. Sheria ya familia ya 1987, kama ilivyorekebishwa Julai 2016, inawapa wazazi siku 90 za kumtangaza mtoto kwa afisa wa eta-sivili, yaani mwandikishaji wa vizazi na ndoa. Ndani ya siku hizo tamko ni la bure. Zikipita, inatakiwa hukumu ya tribinali, na hukumu ina safari zake, ada zake na watu wake wa katikati. Uchunguzi wa kitaifa wa 2017-2018 uliona kwamba watoto wapatao 40 tu katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wameandikishwa, na wenye cheti mkononi walikuwa wachache zaidi. Wazazi si wazembe. Mama anajifungua, anapewa karatasi ya kituo cha afya, anaona muhuri, anadhani kazi imekwisha. Karatasi ile inathibitisha tu kwamba mtoto amezaliwa. Cheti chenyewe kinatoka komini.

Shefu anaweza kufanya nini? Atazame kalenda ya chanjo. Mtoto wetu anachanjwa akizaliwa, kisha akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Wiki 14 ni siku 98, na hapo muda wa bure umekwisha kupita. Wiki 10 ni siku 70, bado kuna wiki karibu tatu mkononi. Kwa hiyo chanjo ya wiki ya 10 iwe mlango wa mwisho ambao mtoto haruhusiwi kuupita bila kuulizwa: ameandikishwa? Muuguzi aulize, na reko wa avenu, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea, ambaye kwa kawaida anawafahamu wamama hao kwa majina ya wazaliwa wao wa kwanza, apeleke majina kwa shefu. Komini ya Karisimbi nayo imtume afisa wake kwenye vituo vya afya siku ya chanjo, hata mara moja kwa mwezi, akiwa na rejista na muhuri. Wamama hamsini wanaokwenda komini mmoja mmoja wanapoteza siku hamsini za soko. Afisa mmoja akija kwao anapoteza asubuhi moja.

Na bei. Kama tamko ni la bure, neno hilo liandikwe kwa herufi kubwa mlangoni, pamoja na siku 90. Kama karatasi nyingine ina ada halali, kiasi kiandikwe na risiti itolewe. Ninajua shefu asiye na mshahara anaishi kwa hizo karatasi ndogo ndogo, na sitamwita mwizi. Lakini komini inayomtumia imtafutie sehemu ya ada halali inazokusanya, ijulikane ni kiasi gani, badala ya kumwacha ajilipe kutoka kwa mama mzazi. Ukiwa na shefu mwenye njaa na sheria inayosema bure, sheria ndiyo itakayoshindwa.

Wewe mzazi, katika kipindi hiki cha mashaka ambapo watu wanaulizana karatasi ipi itakubaliwa na nani, usitupe chochote. Karatasi ya kituo ulikojifungulia, kadi ya chanjo, kadi ya ubatizo, namba za shule, cheti cha zamani hata kama kimechanika: vyote viweke pamoja kwenye plastiki, mahali unapoweza kupashika gizani. Piga picha za simu, mtumie ndugu wa mbali. Waandike pia watu wawili waliokuwepo siku ya kuzaliwa. Tribinali itakapokaa kusikiliza wazazi waliochelewa, mwenye ushahidi atatoka mapema.

Jambo la pili ni ndoa na nyumba, na hapa nawaomba wanaume wa Majengo wanisikilize hadi mwisho. Wengi wetu tumeoa kwa mahari na baraka za wazee, na ndoa hiyo ni ndoa. Sheria haiidharau, ila inataka baada ya sherehe ya kifamilia wenzi wafike kwa afisa wa eta-sivili iandikishwe. Familia nyingi haziendi. Miaka inapita, watoto wanazaliwa, parseli ya kujengea inanunuliwa, nyumba ya mbao inasimama juu ya mawe ya lava. Kisha baba anakufa. Matanga hayajakwisha, kaka zake wanamwambia mjane: sisi hatukujui.

Sheria ya Kongo inawajibu. Watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, wakiwa na robo tatu ya urithi. Waliozaliwa nje ya ndoa wamo, mradi baba aliwatambua kisheria akiwa hai. Mjane yumo katika kundi la pili pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu, na sheria inampa haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokuwa wakiishi. Wenzi wasipochagua mpango mwingine wa mali siku ya kuoana, kilichopatikana wakati wa ndoa ni cha wote wawili. Kwa hiyo kaka wa marehemu anayekuja kubomoa kufuli anavunja sheria, hata kama anataja mila.

Lakini haki isiyo na karatasi inabaki mdomoni, na hapo shefu ana nguvu asiyoijua. Karibu kila parseli inapouzwa huku kwetu, karatasi ya mauzo inatiwa sahihi mbele yake. Basi kabla hajatia sahihi aulize: mke yuko wapi? Majina ya wote wawili yaandikwe. Ni mstari mmoja wa wino, hauongezi hata faranga moja kwenye bei, na miaka ishirini baadaye utazuia kesi. Vivyo hivyo kila anapoandika familia katika daftari lake aulize kama ndoa imeandikishwa, na wale ambao bado, awakusanye kwa pamoja. Komini inaweza kutenga Jumamosi moja katika miezi mitatu kwa ajili ya wenzi wa kartiye moja, bila sherehe ya ghali, bila kulazimisha gauni jeupe. Wengi hawafiki komini kwa sababu wanadhani ndoa ya serikali ni ya wenye ukumbi na keki. Wakitoka na livre ya menaji, kitabu cha familia, mkononi wataelewa kwamba serikali imewatambua kama familia. Nimewaona wazee wenye wajukuu wakikishika kitabu hicho kwa mikono miwili.

Kuna jambo ambalo shefu hapaswi kulisuluhisha kabisa. Ugomvi wa mume na mke kuhusu pesa ya chakula, mvulana aliyefukuzwa na baba wa kambo, wakwe waliokosana: hayo ni ya baraza, ayasikilize kwa subira. Lakini msichana akibakwa, hakuna baraza, hakuna mbuzi, hakuna kumwoza kwa aliyemharibu. Sheria ya 20 Julai 2006 imeyaweka makosa hayo mikononi mwa mahakama, na ndoa ya aliye chini ya miaka 18 imekatazwa. Aliyebakwa apelekwe kituo cha afya au hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia VVU baada ya hapo hazina maana. Hapa Goma HEAL Africa imewahudumia wanawake kama hao kwa miaka mingi. Kazi ya shefu ni kutafuta pikipiki usiku na kufunga mdomo wake asubuhi.

Kisha kuna familia zinazobeba familia nyingine. Tangu vita viliporudi Rutshuru na Masisi, nyumba za Majengo zimelaza watu kumi na wawili mahali pa watano. Kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na nyingine zilijaa. Mwezi Februari 2025 waliokuwa ndani waliambiwa waondoke kwa muda mfupi sana, na wengine ambao hawakuwa na pa kurudi walibisha hodi kwa jamaa. Mashirika yalikuwa yakihesabu kambi. Nyumba iliyopokea watu haikuhesabiwa. Daftari la avenu lirekebishe hilo: mpokeaji na mpokewa waandikwe ukurasa mmoja, kila mmoja kwa jina lake, wala mgeni asigeuzwe mshukiwa. Msaada ukija, wote wawili waonekane, kwa sababu unga wa mwenye nyumba ndio uliokwisha kwanza.

Kuhusu orodha za msaada tunayo maumivu ya zamani. Baada ya volkano ya 2021 kila mtu alisikia habari za majina ya watu wasiokuwa waathirika, na waathirika wasiokuwa na majina. Dawa yake haitafutwi mbali. Nchini Tanzania, katika mpango wa kaya maskini wa TASAF, majina hupitishwa mbele ya mkutano wa kijiji, na wanakijiji wenyewe wanasema huyu kweli, huyu hapana. Avenu ya Majengo ni ndogo kuliko kijiji. Orodha isomwe kwa sauti mchana, mahali watu wanapochota maji, na wamama wawepo. Anayeongeza shemeji yake atafanya hivyo mbele ya macho mia moja. Majina ya waliobakwa na ya wagonjwa wanaotaka siri yasisomwe. Hayo yana njia nyingine.

Maji nayo ni jambo la familia, ingawa tunalichukulia kama jambo la shirika la maji, REGIDESO, peke yake. Msichana anayezunguka na bido ya lita 20 tangu saa kumi na moja alfajiri anaingia darasani amechelewa, kama anaingia. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa bure tangu Septemba 2019, na bado daftari, likiandikwa vizuri, litamwonyesha shefu ni watoto gani wa miaka saba wako mitaani Septemba ikianza. Akiwajua, aende kuongea na mzazi na mkuu wa shule siku hiyo hiyo. Na penye robine, wakaaji wakubaliane saa za asubuhi ambapo watoto wa shule wanatangulizwa kwenye foleni. Hilo linaweza kuanza wiki ijayo bila barua ya mtu yeyote.

Wazazi, msikae mkisubiri shefu abishe hodi. Ukihamia avenu mpya, nenda wewe mwenyewe umsalimie, mjulishe watoto wako, ajue majina yao. Mkiwa na likilimba, kikundi cha kuchangiana pesa, ya akina mama, tumieni kikao kimoja kwa mwezi kuulizana nani amejifungua na siku ngapi zimebaki. Akina baba, tamko la kuzaliwa si kazi ya mama peke yake aliyetoka kujifungua. Wewe ndiye mwenye miguu mizima wiki hizo. Kama mtoto ni wako na hukumwoa mama yake, nenda ukamtambue ukiwa bado hai. Huo ndio urithi wa kwanza utakaompa.

Nina ombi moja la mwisho kwa komini. Agosti mosi ni siku ya wazazi katika nchi yetu: asubuhi tunasafisha makaburi, mchana watoto wanawapikia wazazi walio hai. Sheria yetu ya familia nayo ilitiwa sahihi Agosti mosi, mwaka 1987. Siku hiyo tumezoea hotuba. Mwaka huu hotuba ziwe fupi, na shefu wa Majengo asimame mbele ya wakaaji asome hesabu ya kartiye yake: watoto wangapi wamezaliwa tangu Agosti iliyopita, wangapi wameandikishwa ndani ya siku 90, ndoa ngapi zimeingia kwenye rejista, wajane wangapi wamebaki katika nyumba zao, na wangapi bado wanangoja. Kisha vyeti vilivyo tayari vigawiwe hapo hapo, jina kwa jina, na mama mwenye mtoto mgongoni aje mbele apokee cheti cha mtoto wake.